Unga wa Ngano Kwenye Likizo ya Theluji

Theluji ya Guangzhou, huku China, iko ndani ya jengo. Nje watu wanatembea na feni za mkononi na mashati yamewaganda mgongoni; ndani kuna kilima kizima cheupe, kinapozwa kama friji ya bucha. Ndiko tulikokwenda likizo: mimi, baba, mama, na mdogo wangu wa kike ambaye meno ya mbele yameng'oka na mapya bado hayajaota. Aliyetualika ni bosi wa kiwanda cha chupa za chai. Baba ananunua mzigo kwake tangu mimi sijui kufunga kamba za viatu.

Bosi alilipia kila kitu: tiketi, makoti, vyumba. Maana yake tulikuwa na ruhusa ya kuanguka bure, ila hatukuwa na ruhusa ya kukataa chakula.

Na chakula ndicho kilikuwa balaa, kwa sababu baba hali ngano. Si kwamba haipendi. Baba angeweza kuoa chapati kama mama asingejitokeza mapema. Tatizo ni gluteni, kile kitu kinachofanya unga wa ngano uvutike ukiukanda. Kwa baba kinamla utumbo. Nimeyajua haya kwa sababu siku ya majibu hospitalini mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Watoto wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika hapa mjini, tunaosoma shule za Kichina hiyo ndiyo ajira yetu isiyo na mshahara: tunatafsiri benki, tunatafsiri kwa mwenye nyumba, tunatafsiri kwa fundi wa kiyoyozi. Daktari aliniangalia mimi muda wote, kama vile utumbo ni wangu. Akasema mgonjwa akiendelea na ngano, utumbo utaharibika kiasi cha kutorudi tena. Nikageuka nikamwambia baba hivyohivyo. Mimi ambaye huwa natania hata msibani, sikupata hata neno moja la kuchomekea.

Baba akakubali, shingo upande. Idi iliyofuata akala sambusa moja kwa jirani, eti kumridhisha mwenyeji. Alilala karibu wiki nzima, amekunja magoti kifuani, na alipoamka ilibidi atoboe mkanda wa suruali matundu mapya kwa msumari. Tangu hapo mama akisikia harufu ya mafuta ya kukaangia anageuka kuwa mlinzi wa ikulu.

Sharti la baba lilikuwa moja tu: asijue mtu wa biashara.

"Mfanyabiashara akisikika mgonjwa," alikuwa anasema, "bosi anaanza kumtafutia mrithi kabla hajalala kitandani."

Basi kwenye viwanda vyote wanajua kitu kimoja kuhusu matumbo yetu: hatuli nguruwe. Hilo tumelisema mpaka wanatukatiza katikati wanaitikia wao. Ngano hatujawahi kuitaja. Na hapa mjini ukisema huli nguruwe, mtu mwenye roho nzuri anakukimbiza moja kwa moja kwenye mgahawa wa Waislamu wa tambi. Tambi zinavutwa kwa mkono mbele yako, ndefu kama kamba za kufungia marobota, halali kabisa, ngano tupu. Ukienda kwenye tambi za mchele, unakuta nguruwe anakusubiri kwenye supu. Baba amebanwa katikati hapo.

Mama alijipanga. Alipika vitumbua na mkate wa kumimina, vyote vya unga wa mchele, akavificha begini, chini ya soksi za watu wote. Jioni ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Baba alikula bafuni, bomba la maji limefunguliwa ili lizibe sauti ya kutafuna, kisha akashuka mezani kwa bosi, akachokonoa wali mweupe na kusema ameshiba kwa sababu ya baridi. Mdogo wangu aliuliza kwa nini baba anakwenda chooni na kopo la vitumbua. Tukamwambia anyamaze ale.

Asubuhi tulivaa zile mbao za kutelezea kwenye theluji. Baba, mtu mzima anayesimamisha malori ya mizigo kwa kunyanyua kidole, alishuka kilima kwa makalio mpaka chini, akipiga kelele za kumtaja Mungu. Mama aliteleza na mtandio wake chini ya kofia, hakuanguka hata mara moja, na hajaacha kutukumbusha. Nikaanza kudhani likizo itakwisha salama.

Mchana bosi akatuita chumbani kwao, chumba chenye jiko. Tukadhani ni chai. Kumbe mama yake alikuwa ameamka alfajiri kukanda unga. Meza nzima ilikuwa imejaa jiaozi. Kwa asiyejua, jiaozi ni kama sambusa ya kuchemshwa: ganda la ngano, nyama ndani. Hizi zilikuwa za kondoo.

"Mwambie baba yako," bosi aliniambia, anang'aa kama mtoto aliyepata zawadi, "nyama imetoka kwenye bucha la Waislamu. Sufuria mpya. Kisu kipya. Hata ubao wa kukatia ni mpya. Mama yangu hakutaka chochote kilichowahi kugusana na nguruwe."

Nilitafsiri. Baba aliweka mkono kifuani akainama. Niliona kabisa kwamba ameguswa, na hilo ndilo lililonitisha. Baba wa kukasirika naweza kumzuia. Baba aliyeguswa anakula chochote.

Bibi, yaani mama yake bosi, kiumbe kidogo chenye mikono iliyojaa unga mpaka viwikoni, akachukua jiaozi moja, kubwa kuliko zote, akaiweka kwenye bakuli la baba kwa vijiti vyake mwenyewe. Kisha akakaa akimtazama. Bosi naye akatazama. Mzee akikuwekea chakula kwa mkono wake, hakuna anayeanza mpaka wewe utafune. Mvuke ulikuwa unapanda. Baba akashika vijiti.

Mama akatabasamu, tabasamu lile la kusifia mapishi, akasema kwa Kiswahili kwa sauti laini kabisa:

"Baba watoto, ukikitia mdomoni hicho, nafungasha mabegi sasa hivi."

Baba naye akatabasamu. "Kimoja hakiui."

"Sambusa ya Idi ilikuwa ngapi? Si moja?"

"Mama yake kaamka alfajiri, mke wangu. Kanunua sufuria mpya. Nimtemee usoni?"

"Afadhali yeye umtemee kuliko mimi nikuzike."

Wote wawili meno nje, kama wanapigwa picha ya harusi. Bosi akanigeukia. "Wanasemaje?"

"Wanasema vimependeza," nikajibu. "Wanabishana aanze nani."

Bosi akacheka. Bibi akasogeza bakuli karibu zaidi na baba. Mdogo wangu akanong'ona, "Kaka, baba atalala tena?" Baba alikuwa ameshainyanyua ile jiaozi, ameichovya kwenye sosi, inadondoka matone. Nilimtazama mama. Mama alikuwa ananitazama mimi. Yeye Kichina chake ni cha kununulia nyanya. Baba chake ni cha kupunguzia bei. Pale mezani mwenye maneno ya utumbo na ngano nilikuwa mimi peke yangu, na niliyapata kwa daktari.

Nikasema. Sikumwambia bosi, nilimwambia bibi: "Bibi, baba yangu hawezi kula ngano. Akila, utumbo wake unaharibika. Daktari alikataza."

Vijiti vya baba vilikuwa karibu na mdomo. Bibi alinyoosha mkono, akaidaka ile jiaozi hewani kwa vijiti vyake, akaitia kinywani mwake, akatafuna. Halafu akamgeukia mwanawe akaanza kumfokea na chakula mdomoni: kwa nini hukuuliza, miaka yote hii unafanya biashara na mtu hujui anakula nini!

"Niliuliza!" bosi akalia. "Walisema nguruwe tu!"

Baba alibaki ameshika vijiti vitupu. "Bibi anafoka nini?"

Bosi akaniwahi, sauti imeshuka: "Tangu lini?"

"Anasemaje?" baba akauliza.

"Anauliza tangu lini."

"Tangu lini nini?"

Nikaangalia meza. Ndipo nikaona uso wa baba unabadilika taratibu, kama mtu anayepapasa mfuko na kukuta pochi haimo.

"Umemwambia nini?"

"Ukweli, baba."

Bosi aliweka kikombe chini, akaniambia bila kumtazama baba: "Muulize, ni ugonjwa unaoua?"

Ningeweza kulainisha. Kulainisha ndiyo fani yangu. Nimewahi kutafsiri tusi la mwenye nyumba likatoka salamu. Lakini niliuliza vilevile, neno kwa neno. Baba akalaza vijiti juu ya bakuli.

"Mwambie unaua nikila. Nisipokula, nafunga mzigo kama kawaida. Na usiongeze chumvi."

Sikuongeza. Bosi alimimina chai, akaimimina polepole mno. "Na oda ya mwezi ujao?"

"Iko palepale," baba akasema.

"Tutaongea kiwandani."

Nilitafsiri hilo pia, ingawa baba hakuhitaji. Kila mfanyabiashara anajua "tutaongea kiwandani" inaweza kuwa njia ya kiungwana ya kufuta oda.

Bibi ndiye aliyetuokoa. Alinivuta jikoni kwa sikio, kihalisi kabisa, akaleta mboga zilizokaangwa. Nikakataa: zina sosi ya soya, na sosi ya soya ina ngano ndani. Akainua chupa, akanisogezea niisome, akaguna, akaitupa kwenye pipa kana kwamba imemtukana. Mwishowe alitengeneza mayai kwa chumvi na viazi vitamu vya kuchemsha, kwenye sufuria nyingine kabisa aliyokwenda kuazima kwenye jiko la hoteli, nami nikaisugua mpaka vidole vikakunjamana. Baba alikula yote. Alimshukuru bibi, alimshukuru bosi. Kwangu hakutupa hata jicho.

Alasiri tulisimama pamoja kwenye ule mkanda unaopandisha watu kilimani. Nikajaribu utani kuhusu makalio yake na theluji. Nikajaribu mwingine, mbaya zaidi. Alikuwa anatazama mbele, na bosi alikuwa juu kule akiongea na simu, ametugeuzia mgongo. Sijui alikuwa anaongea na nani. Baba pia hakujua, na nilijua ndicho anachokiwaza. Nilitamani anizabe kibao tuendelee na maisha.

Mama aliniambia tu, "Umefanya vizuri. Usitegemee baba yako atakwambia hivyo."

Kesho yake asubuhi tulishuka kula hotelini, kabla ya kuondoka. Foleni ilikuwa ndefu. Mpishi wa tambi alikuwa anajaza mabakuli bila kuuliza mtu, na bosi alikuwa nyuma yetu kidogo na sahani yake, hajasema kitu zaidi ya salamu. Zamu ya baba ikafika. Mpishi akamsogezea bakuli.

"Buyao," baba akasema. Sitaki. Neno analowatupia wauza viatu wa soko la Zhanxi kutwa nzima.

Mpishi akadhani ni mambo ya nyama. "Halali! Halali!" akasema, akilisukuma bakuli tena.

Baba hakulipokea. Akageuza kichwa, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu jana mchana. Macho yalikuwa bado na hasira.

"Mwambie," akasema. "Ngano, utumbo, daktari, yote. Na paza sauti, yule pale nyuma naye asikie vizuri."