Bi Fakhria na Picha ya Ng'ambo

Bi Fakhria binti Harub alizaliwa Mwera, upande wa Pangani, katika nyumba ya mawe iliyojengwa na babu zake wa asili ya Oman, na hakuwahi kuhama. Kazi yake ilikuwa kudarizi kofia. Alikaa ukumbini, sindano ikienda yenyewe, macho yakiwa nusu usingizini, na mpwa wake Rahaf, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyeishi naye, alikuwa akisema, "Shangazi anashona ndotoni."

Ndugu yake aliyesalia hai alikuwa mmoja tu, mdogo wake Abdulghani. Walikosana siku ya hitima ya mama yao. Neno likazaa neno, na Ghani akavuka kwenda Pemba na udi wake wa muziki mkononi. Hakurudi, wala kati yao hapakuwa na aliyetuma salamu.

Lakini enzi za televisheni ya zamani, ilikuwa hivi: upepo ukikata, bahari ikanyooka kama mafuta, matangazo ya ng'ambo kule visiwani yalikuwa yakiteleza juu ya maji mpaka kwenye antena yake. Chenga zilijaa kioo kizima, na ndani ya chenga alitokea Ghani, amepakata udi, akipigia kikundi cha taarabu. Kilikuwa kivuli tu, kikiyumba kama kitu kilicho chini ya maji. Bi Fakhria aliweka kofia chini, akatazama, na hakumwambia mtu. Kivuli kile hakikuwa na mvi wala makunyanzi. Miaka ilipita na Ghani akabaki kijana.

Kisha matangazo ya analojia yakazimwa. Rahaf akanunua king'amuzi, na baadaye runinga bapa ya HD. Chaneli za Tanga zikang'ara hadi ukaweza kuhesabu vifungo vya shati la msoma habari. Ya ng'ambo haikuonekana tena. Bi Fakhria alivumilia sana, mwishowe akamwambia Rahaf amwite fundi.

Akaja fundi Castory kutoka Nguvumali, Tanga mjini, na mlingoti mrefu begani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nigeuzie antena itazame baharini."

Castory akapanda, akageuza, akashuka, akatafuta chaneli. Kioo kikabaki cheusi.

"Zamani nilikuwa napata, japo kwa chenga," alisema Bi Fakhria. "Zirudishe hizo chenga. Zanitosha."

Castory akacheka kwa upole. "Hazirudi, Bibi. Siku hizi picha haiji nzima. Kule wanaikata vipande, kila kipande na namba yake, wanatia na vya akiba, halafu king'amuzi hiki kinavishona upya. Vikipotea vichache, kinaziba. Vikipotea vingi, kinaacha kazi yote. Digitali haina nusu: utaona yote, ama hutaona kitu."

"Kama kofia," alisema Bi Fakhria. "Uzi ukikatika pabaya, yafumuka yote."

"Ndiyo hivyo. Na vipimo vya kushonea ni vilevile huku na kule, kwa hiyo kikivipata vipande vya kule, kitavijua. Lakini mbali kule, Bibi."

Rahaf akaleta chai. Jua likawa kali, minazi ikanyamaza, kuku wakajilaza kivulini. Castory alikuwa akikunja waya zake pale alipoona mstari wa ubora wa mawimbi kwenye kioo ukipanda taratibu, ukitoka nyekundu kwenda kijani.

"Subiri," alinong'ona.

Picha ikafunguka mara moja, bila mtikisiko. Zulia jekundu, wanamuziki wameketi safu, na mwishoni mzee mwenye ndevu nyeupe, amefumba macho, udi kifuani. Kovu la utotoni lilionekana juu ya nyusi. Mkono wake wa kulia ulitetemeka kidogo kila alipouinua kutoka kwenye nyuzi.

Bi Fakhria alisimama, akasogea hadi pua ikakaribia kioo.

"Amezeeka," alisema. "Ghani wangu amezeeka, nami sijui."

Wimbo haukufika mwisho. Kioo kikawa cheusi ghafla, na Castory akanyoosha mkono kwenye rimoti.

"Iache, mwanangu. Nimeona." Akamgeukia Rahaf. "Ami yako unayo namba yake?"

Rahaf akainamisha kichwa. "Ninayo, Shangazi. Tangu zamani."

"Basi piga."

Simu iliita sana. Sauti nzito ikasema, "Nani mwenzangu?"

Bi Fakhria akaitwaa simu. "Mkono wako unatetemeka. Umeuonyesha kwa daktari?"

"Dada? Umeniona wapi?"

"Umeingia nyumbani sasa hivi," alisema Bi Fakhria, akaketi chini sakafuni na kuanza kulia.

Ghani alifika kabla ya Ramadhani. Jioni ya kwanza walikula pamoja, na dada yake hakumwondolea macho.

"Wanitazama nini, Dada?"

"Kula, baba," alisema. "Sijamaliza."