Jina Langu Limo Kwenye Mkutano Ambao Sikuhudhuria

Admin, nifichie jina, na kijiji usikitaje. Majina ya watu nimebadilisha, maana watu wa huku pia wanasoma ukurasa huu. Nina miaka 36, watoto watatu, ni mkulima wa mpunga huku bondeni, si mbali na Ifakara mjini. Mume wangu ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Kwa miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumshuku kwa wanawake wala kwa pombe. Ninachomshuku sasa sijui hata nikiiteje.

Ilianzia kwa wanawake wenzangu. Huwa tunasaidiana kupandikiza mpunga, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mwaka huu zamu yangu ilipofika hawakuja. Nilikaa shambani, miche imeshang'olewa na kufungwa mafungu, jua likapanda, nikaanza peke yangu. Nikadhani kuna msiba sijaambiwa. Kesho yake bombani nikawasalimia, wakaitikia kwa mdomo tu. Kila nilipowasogelea wakiwa wanaongea, maongezi yaligeuka yakawa ya mvua.

Nilivumilia kama wiki mbili. Mwisho nikamfuata mjane mmoja tunayepakana naye shamba, nitamwita Mama Sesilia. Ni mtu mzima kwangu.

"Shikamoo mama. Nimewakosea nini?"

"Marahaba." Aliendelea kupeta mchele wake. "Si ulisaini mashamba yatolewe? Sasa unataka tukusaidie kupanda nini?"

Nikamwambia sielewi. Akaingia ndani, akarudi na simu. Alikuwa amepiga picha karatasi zilizobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Anasema zilikaa siku moja tu, zikabanduliwa. Ulikuwa muhtasari wa mkutano mkuu, unaosema wananchi wote tumeridhia eneo letu la bondeni apewe mwekezaji alime miwa. Huyo mwekezaji hatujawahi kumwona. Chini kulikuwa na orodha ya waliohudhuria, na jina langu limo, na sahihi.

Tarehe iliyoandikwa pale, mimi nilikuwa Ifakara, nimelala wodini na mtoto wangu wa mwisho. Mama Sesilia anasema mkutano ulifanyika kweli, ila wao waliambiwa ni wa kisima kipya. Wakasaini mahudhurio, wakaongea habari za kisima, wakarudi makwao. Mimi hawakuniona pale, kwa hiyo walipokuta jina langu wakadhani nilisaini nyumbani na mume wangu, nikijua ninachosaini. Nikaikuza ile picha. Mimi jina la pili huwa naandika herufi moja tu. Pale limeandikwa lote, na herufi ya K ina mkia chini, kama mume wangu anavyoandika kwenye madaftari ya watoto.

Nikarudi nyumbani, nikasubiri amalize kula.

"Baba Anjela, nasikia nimo kwenye orodha ya mkutano wa mashamba."

Hakuuliza orodha gani. Aliuliza, "Nani kakuonyesha?"

Nikasema nimesikia tu. Akanieleza kwamba wajumbe waliambiwa waandike watu wa kaya zao ili idadi itimie, ni utaratibu wa kawaida, nisiwe na wasiwasi. Nikamuuliza, "Na shamba letu?"

"Letu haliguswi."

Neno hilo ndilo lililoniondolea amani. Hakuna aliyekuja kupima. Amejuaje mpaka utapita wapi? Nani kamwahidi?

Tangu siku hiyo namwangalia kama mgeni. Mtendaji wa kijiji akija, wanahamia nyuma ya nyumba kuongea. Simu anaenda kupokelea barabarani. Halafu amekuwa mwema ghafla, ananibebea hata ndoo. Juzi akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ile karatasi ya mtoto ya kuruhusiwa hospitali iko wapi? Nataka niitunze vizuri." Mtu huyu hajawahi kujua hata kadi za kliniki zinakaa wapi. Nikamjibu sikumbuki. Karatasi hiyo ina tarehe tulizolazwa, basi asubuhi nikaipeleka kwa dada yangu anayeishi mtaa wa Lipangalala, njia nzima nikijiona kama mwizi.

Wanawake walishapeleka malalamiko wilayani. Alhamisi maofisa wa ardhi wanakuja, na tumeambiwa wataita majina ya orodha ile moja moja, kila mtu aseme kama alikuwepo na aliridhia nini. Mume wangu akanikalisha.

"Ukiitwa, sema ulikuwepo. Ukisema hukuwepo, mimi nalala polisi. Fikiria watoto."

Niwe mkweli, nilimhurumia. Kuna wakati nawaza labda na yeye aliwekewa karatasi mbele akaogopa kukataa. Kisha nakumbuka alivyosema letu haliguswi, huruma inaisha.

Nilimwambia Mama Sesilia ukweli wa hospitali, yeye peke yake. Hakufurahi wala hakulaumu. Alisema, "Shamba lile ndilo lililosomesha wanangu baba yao alipofariki. Sikwambii umchukie mumeo, mwanangu. Sema tu siku hiyo ulikuwa wapi." Tangu hapo wanawake wawili wamekuja kunisaidia kupandikiza. Sijui wamenisamehe au wamekuja kunichunguza.

Ndugu zangu, nisaidieni mawazo. Nikisema ukweli, nitakuwa nimempeleka baba wa watoto wangu polisi kwa mdomo wangu. Nikisema uongo, nitausema mbele ya wanawake ambao wataondolewa kwenye mashamba huku langu likibaki. Nifanye lipi? Wengine mtaniambia nisafiri, siku hiyo nisionekane. Hilo nimeshaliwaza. Lakini nisipokwenda, najua yupo atakayeitikia jina langu.