Nafasi ya Bukuru Katika Safu ya Mbele

Mwanangu, kaa kidogo. Leo nimechoka, lakini juzi ulichaguliwa kuingia kamati ya timu yenu, na liko jambo moja ambalo afadhali ulisikie kutoka kwangu.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya mapumziko ya msimu, mwishoni mwa mwaka wa sabini na moja, hapa hapa Rumonge. Uhuru ulinikuta mtoto wa shule, na sasa nilikuwa katibu wa timu ya mpira, kijana mwenye kalamu mfukoni na maringo ya bure. Mwaka ule mwenyekiti wetu, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, alitangaza kwamba kila mchezaji wa kikosi cha kwanza atapewa kazi ya mkataba ghalani kwake. Aliyepata jezi alipata na riziki ya nchi kavu.

Safu ya mbele ilikuwa ya watu watano, na wanne tulishawakubali. Ilibaki nafasi moja, ya ndani kushoto, na mezani nilikuwa na majina matatu. Wa kwanza alikuwa kijana wa Buyenzi, kule Bujumbura, mwenye chenga za kuwasimamisha watu. Wa pili alikuwa mwanafunzi wa Gitaza, mwepesi lakini bado mtoto. Wa tatu alikuwa Bukuru, ambaye aliicheza nafasi hiyo miaka mitatu. Bukuru hakuwa mfungaji. Kazi yake ilikuwa kuwavuta mabeki, kupigwa mateke yeye ili mwenzake apate upenyo, kisha kuinuka bila kulalamika. Kazi ya namna hiyo haina mshangiliaji.

Bukuru alikuwa mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alizaliwa pacha, na mdogo wake, Butoyi, alikufa ziwani kwa dhoruba. Tangu hapo mama yao hakupata usingizi kila boti zilipotoka. Nafasi ile moja ndiyo ingemtoa Bukuru majini. Mama alinijia nyumbani, akanitakia amani, amahoro, akaniomba nimwangalie mwanawe vizuri. Nikamjibu kwamba uwanja ndio utakaosema. Nilijiona mtu wa haki sana.

Majaribio niliyapanga siku tatu mfululizo, asubuhi. Bukuru alikuja amechelewa, macho mekundu, miguu mizito. Mipira ilimponyoka, na mara moja aliinama akashika magoti kama babu. Kijana wa Buyenzi alitamba. Siku ya tatu nikalikata jina la Bukuru kwa wino mwekundu, nikabandika orodha kwenye mlango wa ofisi. Aliisoma, akanishukuru, "Murakoze, katibu," akaenda zake.

Jioni ile nilimpelekea Mzee Ramazani mipira aishone. Alikuwa fundi viatu, mjukuu wa watu waliotoka Kongo, na viatu vya timu nzima vilipita mikononi mwake. Nikamweleza uamuzi wangu kwa kujisifu. Aliendelea kushona hadi uzi ukaisha, kisha akaniuliza kama nilitazama mwezi. Sikumwelewa.

"Hii wiki iko ya giza," akasema. "Muvuvi anakesha ku ziwa kila siku, halafu weye unamupima asubuhi. Uliangalia muchezaji, ao uliangalia usingizi?"

Mwanangu, mimi nilizaliwa kando ya ziwa hili. Kila mtoto wa hapa anajua kwamba ndagala huvuliwa kwa taa siku zisizo na mwezi, na kwamba mbalamwezi ikitoka wavuvi hupumzika. Nilijua, ila sikufikiri. Ningengoja siku kumi tu ningemwona Bukuru tuliyemzoea. Mzee akaniagiza nimwendee kesho yake, nimwambie mwenyewe kwamba nimekosea.

Sikwenda. Orodha ilishabandikwa, mwenyekiti alishaisaini, na mimi, bwana, nilikuwa katibu. Nikajiambia nitamrudisha msimu ujao. Kila nilipokutana naye sokoni nilimuuliza habari za ziwa, naye alinijibu kwa heshima, kisha akabaki amesimama kidogo, kana kwamba maongezi hayajaisha. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuondoka.

Ukaja mwaka wa sabini na mbili, na mwezi wa nne wake. Watu waliuawa, wengine wakavuka ziwa na walichovaa tu, mimi nikiwamo. Zaidi ya hapo siwezi kusimulia leo. Timu haikucheza tena. Wale wa ghalani nao hawakubaki wote, kwa hiyo siwezi kusema kwamba nchi kavu ingemwokoa Bukuru. Nimeliwaza hilo hadi nimechoka. Ninachojua ni kwamba alitoka na boti, na hakuna aliyemwona tena, si Magara upande wetu wa ziwa, si ng'ambo.

Miaka mingi baadaye nilirudi, nikamkuta mama yake sokoni akiuza ndagala, amezeeka. Nilidhani hatanitambua. Nikaanza kumweleza habari za majaribio, giza la mwezi na kosa langu. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Bukuru alijua, katibu," akasema. "Muzee wa viatu alimuambia. Hakukasirika. Alikuwa anangoja tu weye mwenyewe uje umuambie."

Kisha akanifungia ndagala kwenye jani la mgomba, akanipa. Nilisimama pale katikati ya watu nikilia, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Basi, mwanangu, ukikaa na majina mbele yako, uliza kwanza kila mmoja ametokea wapi asubuhi hiyo. Mtazame pia yule anayepigwa mateke ili mwenzake afunge. Na ukikosea, maana utakosea, usingoje msimu ujao. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama orodha imeshabandikwa; karatasi hubanduliwa. Mungu akupe macho ya kuuona uchovu wa mwenzako, na akufikishe mlangoni kwake angali yupo.