Kasha la Bibi Lililonguruma

Jumamosi, saa tatu na nusu ya asubuhi, ndipo nilipolitia mkono kasha la Bibi, na hadi naandika haya uso bado unaniwaka, kwa hivyo naomba mnicheke polepole.

Kaka yangu Hamdu alikuwa na gitaa la umeme na mashine ya kukuzia sauti, lakini boksi la spika lilishaliwa na mchwa, ikabaki spika tupu (na spika bila boksi hulia kama mbu ndani ya chupa). Mie gitaa lile nilijifunzia chumbani, mlango nimeufunga, maana mbele ya watu hata kuamkia naona haya. Mwalimu wetu wa muziki akanisikia, akanipa nafasi katika hafla ya wazazi skuli, tena akasema atanirekodi kwenye tepu, na nikipiga vizuri ataniingiza kwenye bendi ya skuli, ambayo msichana hajaingia hata mmoja. Nami sikutaka gitaa la kubembeleza. Nilitaka lingurume, likwaruze, kama lile la kwenye redio za ng'ambo.

Tukajaribu sanduku la chai la sokoni Darajani, mbao zake nyembamba zikatetema kuliko gitaa lenyewe. Tukajaribu kabati la vyombo, vikombe vikaanza kucheza. Basi nikaliona kasha la Bibi, mbao nene, misumari ya shaba, na mwenyewe yuko Bwejuu kwa dada yake.

"Mie simo," Hamdu akasema. "Bibi akijua utahama nyumba hii."

"Atajuaje? Magharibi lisharudi mahala pake."

Tukalisimamisha wima, tukatoa nguo, mdomoni tukakaza ubao wenye tundu la spika. Ndani nikaacha furushi moja lililofungwa kanga kuukuu, kwa sababu Hamdu alisema kitambaa hutuliza mwangwi. Sikulifungua. Harufu niliisikia, lakini kasha la Bibi tangu nizaliwe linanukia kila kitu. Nikapiga waya mnene, dirisha likaitika. Nikaona hili ndilo!

Alasiri ile ile tukalisukuma kwa mkokoteni hadi skuli. Ukumbi ulijaa, na nani yuko safu ya mbele? Bibi! Karudi mapema, kaletwa na jirani yetu Bi Zuwena aje kumsikia mjukuu wake. Nikainamisha kichwa nikaanza kupiga, na kumbe kila nikigusa waya mnene spika inasukuma upepo, na upepo unatoka na ile harufu.

"Jamani, karafuu maiti hiyo," mama mmoja akasema.

"Nani kafa?"

"Inna lillahi! Hapa hapa skuli?"

Mmoja akajifunika mtandio, mwengine akatafuta viatu vyake, na mie (kichwa chini, haya zimenijaa) nikadhani gitaa limewaingia, basi nikaongeza sauti. Ubao ukachomoka. Spika ikaanguka, furushi likafuata, likafunguka, na kitambaa cheupe kikabingirika jukwaani mpaka miguuni pa mwalimu.

Bibi akasimama. "Mwanaidi!"

"Naam, Bibi."

"Sanda yangu hiyo! Nimeiweka mwenyewe, na udi wake, na karafuu maiti yake. Una haraka gani na mie?"

"Shoga," Bi Zuwena akamwambia, "mjukuu kakuanzia shughuli ya maziko, na ngoma juu!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikajificha nyuma ya kasha, nikalia, maana nilijua bendi ndiyo basi tena. Mwalimu akaikunja sanda kwa adabu, akampa Bibi, kisha akaja nyuma ya kasha akanong'ona: "Pigo lako nimelipenda. Jumatatu njoo mazoezini. Lakini njoo na boksi jengine."

Usiku Bibi hakunigombeza sana. Aliniapisha tu nisiguse tena kasha la mtu bila ya kumuuliza mna nini, na nikaapa mara mbili.

Asubuhi yake niliifua sanda, nikaianika ndani (juu ya paa majirani wangekuja kutupa pole), halafu mie na Hamdu tukalipigilia sanduku la chai mbao za pili na kulitia sare zangu kuukuu za skuli. Nikamwita Bibi aje asikilize. Akaja na kigoda chake, lakini kabla ya kukaa akainama mbele ya spika, akanusa kushoto, akanusa kulia.

"Haya," akasema, "piga."