Barua za Pikapu ya Bluu

Kwa miaka kumi na minne kazi yangu ilikuwa kufungua barua za watu wengine. Nilikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya bima huko Upper Hill. Kila asubuhi mfuko wa posta ulimwagwa mezani kwangu, nami nilizipasua bahasha, nikazipiga muhuri wa tarehe na kuzipeleka kwa wenyewe. Sikuwahi kulaza barua hata moja. Wakubwa walinisifu kwa hilo, nami sikuwa na haya ya kuzipokea sifa zote.

Nyumbani Mountain View mambo yalikuwa mengine. Mume wangu alipofariki, barua zake ziliendelea kuja katika sanduku letu la posta mjini. Ijumaa nikitoka kazini nilishuka kwa miguu, nikalifungua, nikazikuta zimelala humo, jina lake limepigwa taipu kamili na "Bwana" mbele yake. Sikuzifungua. Nilizitia kwenye droo ya kabati la vyombo, chini ya vitambaa vya meza. Nilijiambia kwamba barua ya mtu hufunguliwa na mwenyewe. Ukweli ni kwamba nilikuwa mpweke, na hakuna mahali pengine ambapo bado aliitwa Bwana. Watoto hatukujaliwa, na watu wetu wote wako Machakos. Nilikuwa nikisonga ugali wa mtu mmoja na bado unabaki.

Katika droo hiyohiyo mlikuwa na karatasi iliyonitia aibu zaidi. Wiki chache kabla ya kufa, akiwa amelazwa hospitalini, mume wangu aliuza pikapu yetu ya bluu kwa mchuuzi wa kabeji wa Kangemi. Walielewana palepale kando ya kitanda. Akatia sahihi fomu ya kuhamisha umiliki, herufi ya mwisho ikateleza nje ya mstari. Akanipa fomu ile niipeleke Kangemi pamoja na logbook, hati ya gari, iliyokuwa nyumbani.

"Umpelekee," akaniambia. "Na usikawie."

Niliitikia. Lakini ile ndiyo ikawa sahihi yake ya mwisho, na baada ya mazishi sikuweza kuiachilia. Mchuuzi alinipigia simu mara moja kunipa pole. Miezi mingi baadaye akapiga tena, akauliza kwa upole kama karatasi iko. Nikamwambia naitafuta, nayo iko hatua tatu kutoka niliposimama. Hakupiga tena. Nilidhani amechoka, akaamua kuendesha hivyo hivyo, maana Nairobi imejaa magari yanayotembea kwa majina ya watu wengine, na baadhi ya wenye majina walishazikwa.

Miaka miwili ikapita. Ijumaa moja nikakuta bahasha kutoka kwa kampuni iliyomuuzia mume wangu pikapu ile ikiwa mpya. Nikaitia drooni pamoja na zile nyingine. Wiki sita baadaye ikaja ya pili, kutoka kwao tena, na hii ilikuwa na muhuri mwekundu pembeni: HARAKA, USALAMA. Hapo masijala ilinishinda nguvu. Mkono uliokwisha kupokea barua maelfu hauwezi kulaza muhuri mwekundu. Jumamosi asubuhi niliiweka mezani, nikaizunguka nikifagia, nikaizunguka tena, kisha nikaipasua kwa kisu cha vitunguu.

Ilisema pikapu za aina hiyo zinarudishwa gereji. Chuma kinachoshika gurudumu la mbele, ule mkono wa chini, kilikuwa na kasoro tangu kiwandani. Kingeweza kupasuka na kukatika, gurudumu likageukia pembeni gari likiwa mwendoni. Mwenye gari aombwa asibebe mzigo, na alilete mara moja, atabadilishiwa bure. Mwisho waliandika kwamba hii ni mara ya pili kumwarifu.

Ningempelekea yule mtu fomu yake, barua zingemfikia yeye. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililokuwa hatarini hapa halikuwa langu. Nilipiga nambari yake, haikupatikana. Nikavaa viatu nikaenda Kangemi.

Sokoni haikunichukua muda kuuliza. Mama mmoja anayeuza sukuma wiki alimfahamu vizuri.

"Ameenda Limuru kuchukua mzigo," akaniambia. "Saa nane hivi atakuwa amerudi. Kwani ako na shida?"

"Ni gari iko na shida."

"Hiyo gari ni mzima kabisa. Hebu kaa hapo."

Nikakaa juu ya gunia, macho kwenye barabara. Kutoka Limuru ni mteremko karibu njia yote, na yeye anashuka na kabeji zimepanda hadi juu ya kichwa cha gari. Saa nane ikafika, ikapita. Niliomba Mungu, na nitasema ukweli hata kama unanichafua: sikuomba kwa ajili ya yule mtu. Niliomba isiwe mimi niliyemuua. Kila gari la bluu lilinisimamisha. Yule mama alinipa chai, nikaishika mpaka ikapoa.

Ilikaribia saa tisa nilipousikia mlio wa ile injini kabla sijaliona gari. Mke anaujua mlio huo, ameufungulia geti miaka sita. Pikapu ikaingia polepole, bado ina lile bonde nyuma alilolitia mume wangu kwa kugonga ukuta wetu. Mchuuzi akashuka, akavua kofia.

"Mama wa Mountain View. Habari ya siku mingi?"

Nilimmwagia yote kwa mpigo, barua ya kwanza, ya pili, droo, kila kitu. Alinisikiliza bila kunikata.

"Hapo mbele kushoto imekuwa ikilia," akasema. "Fundi akasema ni bushi, ile raba ya hapo, akaweka mpya. Na bado inalia."

"Usiiendeshe tena. Hata mpaka nyumbani."

Akaiangalia mizigo yake, akaniangalia mimi. "Sawa, mama. Italala hapa."

Jumanne nilichukua ruhusa kazini. Gari likavutwa hadi gereji ya kampuni, nasi tukakaa kwenye benchi kusubiri. Mhudumu akatoka na faili, akaliita jina la mume wangu kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia. Akaliita mara ya pili. Nikasimama.

"Mwenye gari ako wapi?" akaniuliza.

"Alifariki. Mimi ni mke wake." Sikuwa nimewahi kumtamkia mgeni neno lile, alifariki. Nikamwonyesha mchuuzi kwa mkono. "Mwenye gari ni huyu."

Baada ya saa mbili fundi alikuja na chuma cha zamani, maana mchuuzi alishasema anataka kukiona, kama mtu yeyote wa hapa asiyetaka kudanganywa. Ufa ulikuwa umekula karibu upana wote. Kilichobaki kikishikilia kilitoshana na kidole changu cha mwisho.

"Ungeenda safari mbili, labda tatu," fundi akasema, akaenda zake.

Mchuuzi akakigeuzageuza mkononi. Kisha nikafungua mkoba nikampa logbook na fomu. Aliisoma ile sahihi kwa muda mrefu.

"Mzee aliniambia hii itakawia," akasema.

"Alikuambia lini?"

"Siku ile hosi, ukiwa umeenda kuleta chai. Alisema, mimi nitamwambia asikawie, lakini atakawia. Akasema nisikusukume, utaleta ukiwa tayari. Nikamwahidi. Ile siku nilikupigia kuuliza, nikaona nimekosea mzee."

"Na ungekufa?"

"Yeye hakujua mambo ya hii chuma, mama."

Nililia pale kwenye benchi, mbele ya watu, na mchuuzi akashika kofia yake akangoja nimalize.

Jioni ile niliifungua droo nikavitoa vitambaa vya meza. Nilizipasua barua zote moja moja, kama nifanyavyo kazini. Taarifa za benki, mikutano ya ushirika, kalenda ya mwaka uliopita. Nilisoma mpaka ya mwisho, na hakuna hata moja iliyokuwa na neno la mume wangu kwangu. Neno lake kwangu lilikuwa limekaa Kangemi miaka miwili, kwa muuza kabeji niliyekuwa nikimkimbia.