Mguu wa Mtani Wangu

Juzi nilipita karibu na kiwanja cha shule, nikakuta vijana wanacheza mpira wa magongo. Mmoja alimtandika mwenzake gongo la kifundo cha mguu, kwa makusudi kabisa, na watazamaji wakashangilia. Nikageuka niondoke. Mwalimu wao akaniuliza, "Shikamoo babu, mbona mapema? Ndiyo kwanza mchezo unanoga." Nikamwambia magoti yananiuma. Nilimdanganya. Wewe nitakueleza ukweli, rafiki yangu, maana kwa uzee huu sina tena wa kumwogopa.

Nilizaliwa upande wa Kitangari, juu kabisa, ambako ardhi inakubali muhogo na mtama lakini maji ni ya kuteremkia bondeni. Chemchemi ilikuwa moja, na vijiji vilivyoitegemea viwili, chetu na cha ng'ambo ya korongo. Kiangazi kikikaza, maji hutoka kidogo kidogo. Kijiji kinachotangulia kinachota safi na kujiondokea, kinachofuata kinasubiri mpaka jua la utosi na kupanda na tope. Sasa nani atangulie? Wazee walichoka kuona mitungi ikivunjwa kila asubuhi, wakaamua jambo hilo liamuliwe kwa magongo. Kila mwaka baada ya mavuno vijana wa vijiji viwili walicheza, na kijiji kilichoshinda ndicho kilichotangulia chemchemini kiangazi chote.

Mpira tuliutengeneza wenyewe. Enzi hizo za Mdachi watu wetu waligema utomvu wa mpira msituni kuwauzia wachuuzi, na sisi watoto tuliiba kidogo, tukauviringisha mpaka ukawa donge la ukubwa wa ngumi. Ulinuka vibaya sana, lakini uliruka vizuri. Magongo tulikata kwenye mizizi iliyopinda. Mwamuzi alikuwa mpiga ngoma wa jando, na kila bao alilipigia ngoma.

Tulikuwa tumeshindwa miaka miwili mfululizo. Bibi aliyenilea alirudi na mtungi wake saa sita, shingo imekakamaa, akakaa kizingitini. Siku nyingine ming'oko, viazi vyetu vya porini, ilibaki mbichi jikoni kwa kukosa maji ya kuchemshia. Nilitaka kushinda kwa ajili yake. Naomba ulijue hilo, ingawa halinisafishi.

Wenzetu walikuwa na kijana mmoja mwembamba, mwenye mbio ambazo sijaziona tena. Alikuwa mtani wangu, maana watu wa ukoo wake na wa wetu walitaniana tangu enzi za mababu. Tukikutana njiani aliniita mla panya, nami nikamwita mla panya, ingawa panya tulikuwa tukiwala wote. Mtani akikunyang'anya hata kuku, huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Siku ya mchezo, kabla hata jasho halijatutoka vizuri, alikuwa ameshatufunga mawili. Mpira ukapotelea vichakani, watu wote wakawa wanautafuta kwa macho. Nikajisogeza nyuma yake, nikampiga gongo la muundi kwa nguvu zangu zote. Nilisikia mfupa ulivyolia. Alipoanguka wenzake walikuja juu, mwamuzi naye akaja mbio, na mimi, kabla sijaulizwa lolote, nikacheka kwa sauti: "Mla panya huyu! Amejikwaa kwenye mkia wa kitoweo chake!"

Watu wakacheka, hata mwamuzi. Yeye alinitazama kutoka pale chini, na alijua. Kisha akacheka naye, maana angefanyaje? "Mtani wangu mbaya huyu," alisema, akainuka kwa kuegemea gongo lake.

Tangu hapo mchezo uligeuka. Yeye hakuwa na mbio tena, na wenzake hawakuwa na moyo. Wengine waliangalia miguu yao badala ya mpira, wengine walitaka kulipiza, wakawa wanafukuza watu na mpira wameuacha. Wenzangu nao, walipoona mimi nimeachiwa, wakaanza yao: viwiko, mchanga wa macho, magongo ya vidole. Tulifunga matatu. Bibi aliingia uwanjani na vigelegele, akanifuta uso kwa upindo wa kaniki yake. Kiangazi kile alirudi na maji kabla umande haujakauka, na kila alipotua mtungi aliniombea heri. Niliyanywa maji yale, na yalikuwa matamu.

Mguu wa mtani wangu uliunga vibaya. Alibaki akichechemea, bega moja limeshuka, na tukikutana bado aliniita mla panya.

Kiangazi kilichofuata, vita vya Maji Maji vilifika Masasi, na nyuma yake askari wa Mdachi wakapanda kwetu, wakisaka watu na kuchoma maghala. Walipoingia kijiji cha ng'ambo, watu walikimbilia vichakani. Sisi tulizisikia bunduki. Baadaye tukaambiwa wote waliwahi kujificha, isipokuwa mtu mmoja.

Kwetu mtani ndiye anayechimba kaburi, na ndiye anayewachekesha wafiwa. Humwiga marehemu alivyokohoa, alivyokula, alivyotembea, ili wenye msiba wapumue kidogo. Nilichimba. Tulipomaliza kufukia nikasimama tu na jembe mkononi. Mama yake, aliyekuwa amekaa chini tangu asubuhi, akainua kichwa.

"Mtani, mbona umenyamaza? Mwanangu azikwe kama mtu asiye na watani? Hebu tuonyeshe alivyokuwa anatembea."

Nikatembea. Nilishusha bega, nikaukokota mguu wa kushoto mbele ya watu wale wote. Mama yake akacheka. Alicheka mpaka akapiga makofi, mashavu yamelowa machozi. "Ndivyo hasa, baba," akasema. "Hivyo hivyo. Hebu rudia."

Nikarudia.

Magongo hayakuchezwa tena. Njaa iliyokuja baada ya vita ilimchukua Bibi, na waliobaki wa vijiji vyote viwili walitawanyika. Siku hizi njia ya kuteremkia chemchemini imezibwa na vichaka, na sidhani kama kuna mwingine aliye hai anayekumbuka ni nani alishinda mwaka ule. Mama wa mtani wangu niliwahi kukutana naye tena mara moja tu kabla hajafa. Alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumzika mwanawe vizuri. Nikamjibu asante, mama.