Mabega ya Dada Yangu

Nilizisikia pumzi zake kabla sijafumbua macho: hu, hu, hu, kama mivukuto ya mhunzi, na juu yake sauti ya baba ikihesabu. Hapo nilijua kwamba kumekucha, na kwamba dada yangu wa miaka saba alikuwa tayari mkekani, viganja chini, mwili umenyooka kama ubao, akijisukuma juu. Mimi nilikuwa na miaka mitano, na ugonjwa wa tumbo ulionijia kila alfajiri na kupona chai ilipoiva.

Baba alirudi Garissa kutoka jeshini na vitu viwili: koti zito lisilofaa kabisa katika joto letu, na imani kwamba mtoto hujengwa kwa jasho. Koti alilitundika. Imani alitugawia.

"Chini! Juu!" aliamuru kwa Kiswahili cha kambini, ingawa nyumbani tulisema Kisomali. "Wewe mdogo, hilo tumbo limelala!"

"Linapumzika, aabo," nilimjibu baba.

Mama alicheka huko jikoni. "Mwache. Hata wewe walikupa likizo."

Lakini baba hakuwa akicheza. Ayeyo, yaani mama yake mzazi, alikuwa ametuma salamu kutoka malishoni upande wa Hulugho: watoto wa mjini wamelegea, mvua zikinyesha atakuja kumchukua mmoja akamkomaze kwa maziwa ya ngamia. Baba alitaka sote tubaki tusome. Mpango wake ulikuwa mwepesi: ayeyo akitukuta tumeshakomaa, atakosa wa kumkomaza.

Alifika asubuhi moja, hata kabla ya mvua, vumbi hadi kwenye nyusi. Kabla hajamaliza maji ya kunywa, baba alikuwa ametupanga uani. Dada alichuchumaa na kuinuka, akajisukuma, akaning'inia kwenye boriti ya kibanda mpaka baba mwenyewe akapoteza hesabu. Mimi nililala kifudifudi mapema sana.

"Ona mabega hayo, hooyo," baba alimwambia mama yake. "Katika mji mzima hana mfano. Huyu atavuta maji kisimani kutwa nzima."

Mama yetu akaacha kumimina chai. Kwetu, ukimwonyesha ndugu mwenye shida mnyama wako bora, ukamsifu kwa mdomo wako, umeshampa. Baba alikulia nyuma ya ngamia, hilo alilijua kabla ya kujua kutembea. Kambini walimfundisha mengine.

Ayeyo akambinya dada vigimbi, akamkagua meno. "Mola akuzidishie, mwanangu. Wavuta maji wangu wawili ni wagonjwa. Nilikuja kuchukua mlegevu nimtibu, nawe umenipa aliye bora."

"Hooyo, nilikuwa naonyesha tu!"

"Nami nimeona." Akanigeukia mimi. "Na hiki?"

"Hicho kina tumbo," mama alisema upesi.

Kwa mara ya kwanza nilitamani ningekuwa na nguvu, ila si nyingi. Mama alifunga nguo za dada katika shuka bila kumtazama baba. Dada hakulia, siku ile alisifiwa kuliko siku zote za maisha yake. Akamfuata ayeyo kifua mbele, mikono ikipepea, bila kutazama nyuma, kwani alifundishwa kwamba askari hageuki bila amri. Baba alifungua kinywa. Amri haikutoka.

Mama ndiye aliyefunga mlango.